Mate ya Mtu Mwingine

Khuzama alilala kifudifudi ndani ya mfereji, ndala moja mguuni. Gunia la viazi alilokuwa amebeba lilikuwa limepasuka, viazi vimetapakaa hadi katikati ya lami. Lami yenyewe haikuwa na alama hata moja ya breki.

Inspekta Nazira Qasouf aliitazama lami hiyo, kisha akalitazama gari jeusi lililokita pua kwenye mti. Dereva hakuwapo. Watu wake walikuwa wameshakuja kumchukua kabla polisi hawajafika. Juu ya dashibodi kulikuwa na kijiti cha kupimia ulevi kwa mate, kimelazwa ndani ya mfuko wa nailoni kama hirizi.

Vijiti hivyo vilijaa maduka ya dawa ya mji wa Zahle. Unakilamba nyumbani, unasubiri kidogo. Kikigeuka kijani, umelewa, kaa chini. Kikibaki cheupe, washa gari. Hiki kilikuwa cheupe pe.

Wadha, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji. Hakulia.

"Watasema alijitupa mbele ya gari," alisema. "Sisi vibarua wa Kisyria kila siku tunajitupa."

"Nani kasema?"

"Msimamizi wa shamba kashasema, na maiti haijapoa. Sikiliza dada, sitaki kitu chao. Nataka karatasi yenu isimsingizie dada yangu. Basi."

Nazira hakuahidi. Mwenye gari lile alimjua: Ghassub Tarazi, mwana wa nyumba kubwa. Miaka iliyopita, barabara hii hii, alimgonga kijana wa pikipiki. Faili likafungwa kwa sababu kijana hakuwasha taa. Mchana kweupe, jua la utosi, maiti ikalaumiwa kwa taa. Wakubwa walisahau siku ile ile. Nazira hakusahau.

Asubuhi yake Ghassub akaja kituoni na wakili, ameoga, ananukia. Ulevi wowote uliokuwamo mwilini ulikuwa umeshalala ukaamka ukaenda zake. Mwendesha mashtaka alikuwa ametoa amri: kisipopatikana kipya kufika adhuhuri, aachiwe, na ajali iandikwe kosa la mwenda kwa miguu.

"Ulikunywa?" Nazira aliuliza.

Wakili akadakia. "Mteja wangu alijipima kabla ya kuondoka. Picha alimtumia mkewe. Kijiti mnacho."

"Nimemuuliza yeye, Ustadhi."

Ghassub akatabasamu. "Inspekta, wewe si mtoto wa Zahle? Jumapili, kibbeh ya nyama mbichi mezani, araki kaipika marehemu baba kwa mkono wake. Ulitaka ninywe maziwa? Glasi moja. Ya heshima."

"Lini?"

"Mwisho, tukiagana. Tulimkumbuka baba, tukanyanyua glasi, nikatoka."

"Ukajipima wapi?"

"Pale pale mlangoni, ladha ingali mdomoni."

"Mezani kulikuwa na asiyekunywa?"

"Nyumbani kwetu?" Alicheka. "Hata padri alikunywa. Labda mama. Kaweka nadhiri tangu baba afe."

Wakili alimkanyaga mguu chini ya meza. Alichelewa.

Nazira alitoka, akarudi na kijiti kipya na chupa ya araki iliyokamatwa kwa mlanguzi. Akapiga funda moja, akakunja uso, akakilamba kijiti, akakiweka mezani. Wote watatu walikitazama kikigeuka kijani kama jani la mnanaa.

"Funda moja tu," alisema. "Wewe umemaliza glasi, ukakilamba pale pale, kikabaki cheupe. Ghassub, ulikuwa na mdomo wa nani?"

"Basi sikunywa."

"Vizuri. Ustadhi, tuandike hivyo. Mwana wa Tarazi, Jumapili, mbele ya wageni, kaikataa araki ya marehemu baba yake. Niwapigie wageni wathibitishe?"

Uso wa Ghassub ulimwiva. Mwanamume wa Zahle atakana deni, atakana hata damu. Araki ya baba yake haikani. Kiburi hicho ndicho kilichomfanya aseme glasi moja pale ambapo angeweza kusema sikunywa, na sasa kilimnasa.

Sitti Odette, mama yake Ghassub, alikuwa akingoja kwenye ukumbi, gauni jeusi, mkoba magotini. Nazira alimwingiza chumba cha pili.

"Sitti, mate yana mwenyewe. Maabara ya Beirut watayasoma kama alama za vidole. Niwapelekee na ya kwako?"

 Mama huyo akanyoosha mgongo, kana kwamba anayeombwa radhi ni yeye.

"Mkewe kamwekea sharti tangu ile pikipiki. Bila picha ya kijiti asiwashe gari, la sivyo anachukua watoto anakwenda kwa baba yake. Mkuu wa nyumba, mwanangu, kupimwa kama punda wa sokoni mbele ya wageni! Hata kukishika hakuweza, kilimponyoka. Watu wakaanza kutazamana. Nikakichukua, nikakilamba mimi, nikamrudishia akapige picha."

"Ulijua kalewa."

"Kuna mama asiyejua?"

"Na funguo?"

"Nilimpa. Jioni ya Jumapili barabara ya mashamba haina watu."

"Ilikuwa na mtu, Sitti."

Mama alitazama ukuta.

"Jumapili mnapumzika nyinyi," Nazira alisema. "Anayewachimbia hivyo viazi mnavyokula hapumziki. Umeilinda aibu ya mwanao kwa mate yako, na mtu mzima hukumwona kuwa mtu."

Kabla ya adhuhuri Ghassub alikuwa mahabusu, hana tena mkanda wala kamba za viatu. Chumba cha pili, Sitti Odette aliandika maelezo yake kwa mwandiko mzuri wa shule ya watawa. Ghafla kalamu ikasimama.

"Mwanangu alimgonga... niandikeje?"

"Andika jina lake."

"Jina la nani?"

Nazira alifungua mlango, akamwita Wadha. Binti akaingia, kucha bado zina udongo wa shamba, akasimama mbele ya meza.

"Mtajie," Nazira alisema.

Wadha alilitaja jina la dada yake. Sitti Odette alikuwa ameinamia karatasi, hakuinua macho.

"Mtajie tena," Nazira alisema. "Na wewe, Sitti, mtazame anapokutajia."