Karatasi Niliyomsomea Baba Bila Kuitazama

Nina miaka arobaini na minne, mama wa watoto watatu, na nina duka la steshenari hapa Bariadi, si mbali na stendi. Wateja wananiita Mama Taratibu. Wananicheka kwa sababu kila karatasi inayotoka kwenye printa yangu naisoma yote, kidole chini ya neno, hata kama ni barua ya kuomba ruhusa shuleni. Wengine wanakasirika, wanasema nitawachelewesha basi. Wacha wakasirike! Leo nawaeleza wasomaji wenzangu kwa nini nimekuwa hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ni miaka ile soko huria lilipokwisha kufika hata huku kwetu. Ushirika umelegea, makampuni binafsi ya pamba yana mizani kila kijiji, na ghafla kila kitu kinataka maandishi. Kukodi stoo, karatasi. Kuuza kiwanja, karatasi. Sisi tuliozoea kumaliza mambo kwa mdomo mbele ya majirani tukaanza kupanga foleni kwa wapiga chapa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kompyuta Shinyanga. Nikapata kazi kwenye steshenari ya kijana mmoja, nitamwita Deusi, ingawa silo jina lake. Mtanashati, amesoma Mwanza, ana kompyuta mbili na jenereta uani. Baada ya muda hakuwa bosi tu... Alikuja nyumbani na wazee wake, akajitambulisha kwa baba, ikabaki kuzungumza mahari. Nilijiona nimeula!

Deusi alikuwa na akili ya mashine, siwezi kumnyima sifa hiyo. Alitengeneza fomu ya makubaliano ndani ya kompyuta. Juu palikuwa na kisanduku chenye kimshale. Ukikibonyeza, orodha inashuka: kuuza, kukodisha, kuweka rehani, kugawana urithi. Unachagua neno moja tu, na nafasi zote za chini zinajijaza zenyewe! Nani anampa nani, kwa muda gani, nini kitarudishwa na lini, yote yanaingia wakati unapepesa jicho. Kazi yako ni kuongeza majina, kijiji na malipo. Wateja walizunguka meza kuja kuangalia. Mzee mmoja aliuliza kama kuna mtu amekaa humo ndani.

Na mimi je? Niliifanya kazi ile mpaka maneno ya kila aina nikayajua kwa kichwa. Niliwasomea wateja makubaliano yao huku natazama dirishani. Nilijiona fundi kwelikweli.

Baba yangu, mzee Limbu, hakujua kusoma. Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Maswa, na huko alikuwa na ngitili kubwa aliyoachiwa na babu. Kwa msomaji asiye wa huku, ngitili ni eneo la nyasi linalofungwa wakati wa mvua. Hakuna mfugo unaoingia mpaka kiangazi kikaze, ndipo linafunguliwa ng'ombe wale. Bila ngitili, ng'ombe wanakonda ukiwaangalia.

Mwaka ule madume yake ya kulimia yalikufa kwa ugonjwa. Bila madume hakuna plau, na bila plau hakuna pamba. Akatokea mfanyabiashara wa ng'ombe wa mnadani, akataka kuikodi ngitili kwa kiangazi kimoja anenepeshe mifugo yake, na kodi iwe madume mawili yaliyokwisha kuzoea plau. Ng'ombe wachache wa baba wangelishwa kwa baba mdogo msimu huo. Baba alifurahi, lakini akataka maandishi.

"Mayu," aliniambia, maana hivyo ndivyo wazee wetu wanavyowaita mabinti zao, "huyo mtu ni mtu wetu, lakini dunia imebadilika. Andika wewe mwenyewe, nisomee wewe mwenyewe. Nikisikia kwako, basi."

Nikisikia kwako, basi! Maneno hayo hayajanitoka masikioni mpaka leo.

Siku yenyewe baba alikuja kwa baiskeli mchana. Nilifungua fomu, nikachagua "kukodisha", nikaona kwa macho yangu mistari ikibadilika: kwa kiangazi kimoja tu, mvua zikianza mwenye eneo atarudishiwa. Nikaandika jina la baba, kijiji, madume mawili. Nikauliza jina la anayekodi. Baba akatabasamu, akasema anakuja mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa... nikaganda! Alikuwa mjomba wake Deusi, aliyemlea tangu utoto, yule yule aliyekuja kwetu kama baba mkwe. Kumbe baba alikuwa ameficha jina ili anifurahishe!

Sasa, kwetu mkamwana hakai kwenye kiti huku baba mkwe amesimama, wala hamkodolei macho. Nilitoka kwenye kiti mbio, nikapiga magoti sakafuni.

"Mwadila," nilimwamkia.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

Salamu za Kisukuma hazina haraka. Habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua... Nyuma yangu nikasikia kiti kikilia. Deusi alikuwa amekaa mahali pangu.

"Endelea kusalimia," alisema. "Mimi namalizia."

Nikasikia mausi ikibonyezwa. Ikabonyezwa tena. Kwa nini, wakati lilikuwa limebaki jina tu la kuandika? Wazo hilo lilinipitia, wasomaji wenzangu, kweli lilinipitia... na mimi nikaliacha lipite.

Printa ikakoroma. Deusi akanipa karatasi mkononi, bado nimepiga magoti, macho chini. Baba akasogeza sikio.

"Haya mayu, nisomee."

Ningeangalia mstari wa juu tu! Neno moja! Lakini niliona aibu kuinua karatasi usoni mbele ya baba mkwe, nionekane namkagua mzee wa watu. Niliilaza mapajani, nikaanza kutamka maneno ya kukodisha niliyoyajua kwa kichwa. Sikukwama hata mahali pamoja. Deusi alikohoa, akatoka uani kama anakwenda kuangalia jenereta. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachovya dole gumba kwenye wino. Chini yake nikatia sahihi yangu, shahidi. Mjomba naye akatia yake, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Nakala ya baba, Deusi alisema wino umekwisha, ataitoa kesho. Kesho hiyo haikufika.

Kiangazi kikapita. Madume yalikuwa mazuri, baba aliyasifia kila nilipokwenda. Mvua za kwanza ziliponyesha akaenda kuiangalia ngitili yake. Akakuta seng'enge imezungushwa, na vijana wasiomfahamu wanang'oa visiki.

"Mzee, hapa pameuzwa," walimwambia.

Tuliitwa ofisi ya kijiji. Watu walijaa mpaka madirishani. Mtendaji wa kijiji akaifungua ile karatasi, ambayo sasa ilikuwa na muhuri, akasoma kwa sauti. Aina ya makubaliano: kuuza. Moja kwa moja. Muuzaji hatakuwa na madai yoyote, yeye wala uzao wake... Maneno yale niliyajua yote, na hayakuwa yale niliyomtamkia baba!

"Nani anauza ngitili kwa madume mawili?" mzee mmoja alipiga kelele. "Nyie mmerogwa?"

Mjomba hakubabaika. "Dole ni la nani?" aliuliza. "Na shahidi ni nani? Si binti yake wa kumzaa?"

Wakamgeukia Deusi. Mchumba wangu! Nilimtazama nikiomba Mungu aseme ukweli mbele ya watu. Akatazama viatu vyake.

"Mimi sijui. Ile fomu inajijaza yenyewe."

Watu wakaguna, wakatazamana. Kompyuta kwao ilikuwa kitu cha ajabu, na ajabu lolote lingeaminika. Nikasimama bila kupewa ruhusa.

"Inajijaza, ndiyo, lakini haichagui! Mtu ndiye anayechagua! Mimi nilichagua kukodisha!"

Mtendaji akainua mkono kunyamazisha watu. Akaniuliza swali moja tu: je, nilikuwa nimemsomea baba karatasi hii kabla hajaweka dole? Baba akajibu badala yangu.

"Alinisomea. Nilisikia kukodisha."

"Basi," mjomba akasema, "ama karatasi inadanganya, ama binti yako."

Baba akanigeukia taratibu. Hakuwa na hasira usoni. Nadhani alikuwa bado ananitegemea nimtoe pale.

"Mayu, uliisoma?"

Ningeweza kusema ndiyo! Ningejikosha, nikamwachia baba aonekane mzee aliyesahau alichosikia... Lakini alikuwa ananitazama.

"Hapana, bhabha. Nilitamka niliyokuwa nayajua. Sikuitazama."

Baba akakaa chini.

Tulihangaika na ofisi, tulipanda ngazi na kushuka. Kila tulipofika karatasi ilikuwa imetutangulia, ina dole, ina muhuri, ina sahihi yangu. Nilimfuata Deusi steshenari nikamuuliza kwa nini. Akalia! Mwanaume mzima alilia mbele ya wateja.

"Ningefanyaje, Kabula? Kompyuta, jenereta, kodi ya chumba, vyote ni vya mjomba. Angenifungia duka!"

Kwa hiyo alimuuza baba yangu ili abaki na duka. Nilichukua chupa ya wino wa mihuri nikammwagia kwenye shati lake jeupe, uchumba ukaishia hapo hapo. Kwa shati lile sijutii mpaka leo.

Kiangazi kilichofuata ng'ombe wa baba walianza kuanguka mmoja mmoja. Baba mdogo naye hakuwa na nyasi za kutosha wote. Baba akaamua kuhama na waliobaki, kuelekea upande wa Katavi, kama walivyokwisha kuhama wengi. Mzee mwenye mvi, anaacha makaburi ya wazazi wake, kwa sababu yangu!

Siku chache kabla ya safari alikuja mjini kuchukua kibali cha kusafirisha mifugo. Wakati huo nilikuwa nachapa kwenye kibanda cha mtu, na fundi cherehani mmoja, Mama Minza, alikuwa ameweka mashine yake barazani, mlangoni kwangu. Nilimwona baba anavuka barabara, karatasi mkononi. Nikafuta kiti kwa khanga, nikapiga magoti.

Alinisalimia vizuri. Aliuliza afya yangu, akauliza kama nakula. Kisha akanipita, akamnyooshea fundi ile karatasi.

"Mama, samahani, nisomee hii."

Mama Minza akashangaa, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mzee, si binti yako huyu hapa? Mimi niliishia darasa la nne."

"Nisomee wewe," baba alisema.

Akasoma, futi ya kupimia shingoni, kidole chini ya kila neno, akikwama na kurudia. Ilichukua muda mrefu. Baba alisimama akasikiliza mpaka neno la mwisho. Akashukuru, akaniwekea mkono kichwani, akaondoka.

Tuliendelea kuongea kwa simu miaka mingi baadaye, akacheka na wajukuu zake. Alinisamehe, aliniambia hivyo kwa mdomo wake. Lakini barua, kadi za kliniki, kila kitu chenye maandishi alimtafuta mtu mwingine. Amezikwa huko huko.

Wasomaji wenzangu, mnaochapa, mnaojaza fomu za watu, ninyi ambao wazazi wenu wanawategemea macho! Nawaomba kwa machozi yangu. Kompyuta ikijaza yenyewe, soma. Hata kama fomu hiyo uliijaza asubuhi na jana na juzi, soma! Mkwe akisimama mbele yako, mwombe radhi, inua karatasi usoni usome. Atakuona huna adabu? Na akuone hivyo! Mimi nililinda adabu yangu siku ile, na tangu hapo baba hakunipa tena karatasi nimsomee.