Maji ya Magotini

Kila asubuhi Kijiti alikunja sketi yake, akambeba mdogo wake mgongoni, akavuka mto kwenda shule. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko ya mwaka uliopita. Fedha za kujenga jingine zilikuwapo, ila zilisubiri idhini, nayo idhini ilitoka ofisi hadi ofisi kwa mwendo wa mtu asiyeishi ng'ambo ya mto.

Hatimaye ukaletwa muswada wa sheria ya kuharakisha idhini hizo kila maafa yanapotokea. Kamati ya Bunge ikafika shuleni kukusanya maoni ya wananchi, na mwalimu mkuu akamteua Kijiti awasemee wanafunzi.

"Sema maji yanafika shingoni," alishauri rafiki yake, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika.

"Lakini ni magotini."

"Wewe nawe! Unataka daraja au hutaki?"

Ukumbini, mwenye duka alitangulia kusema. Alidai mto ulimmezea ng'ombe wote. Mwenyekiti wa kamati, aliyekwisha kusikia habari za ng'ombe wengi wa namna hiyo, aliweka kalamu mezani.

Zamu ya Kijiti ikafika.

"Maji yanakufika wapi, mwanangu?" mwenyekiti aliuliza.

Redio alikuwa amejishika shingo kwa mikono miwili.

"Magotini, mheshimiwa."

Watu wakanong'ona.

"Basi mnavuka bila shida?"

"Ni magoti yangu, mheshimiwa. Mdogo wangu yanamfika kifuani, ndiyo maana nambeba. Nilipougua malaria, naye hakusoma."

Mwenyekiti akaichukua tena kalamu. "Rudia taratibu. Nataka niyaseme bungeni kama ulivyoyasema."

Akayasema. Muswada ukapita, bahati ambayo si kila muswada huipata, na daraja likasimama kabla ya mvua kubwa.

Asubuhi ya kwanza mdogo wake alivuka kwa miguu yake mwenyewe, akikataa hata kushikwa mkono. Mama yao, mshonaji asiyesifu ovyo, alisimama akiwatazama.

"Mama, ningesema shingoni, wasingeamini?"

"Wangekuweka zizini pamoja na ng'ombe wa mwenye duka." Akamnyoosha kola. "Shida yetu ilikuwa ya kweli, mwanangu, haikuhitaji chumvi. Ulisema ulichokijua, ndiyo maana kikaandikwa. Sasa nenda shule. Mimi napita sokoni, na leo napita kifua mbele."