Vichupa vya Mzizi wa Pemba

Jumatatu asubuhi Dakta Leena alifungua friza ya maabara yake, katikati ya London, akakuta rafu ya chini imebaki barafu tupu. Vichupa vyote vya mzizi wa Pemba vilikuwa vimetoweka. Hakuna kufuli iliyovunjwa wala kioo kilichopasuka. Mwizi aliingia kistaarabu na kufunga mlango nyuma yake.

Kesi ilimwangukia Inspekta Ghalia, kwa kuwa wakubwa wake walipoona neno Pemba hawakuona haja ya kufikiri zaidi: mpeni Mpemba. Ghalia alikuwa ameshauzoea upuuzi huo, na bado ulimkera.

"Ni dawa ya saratani ya ovari?" alimuuliza Leena.

"Si dawa!" Leena alijibu kwa ukali. Alizaliwa Dar es Salaam, na Kiswahili chake hakikuwa na kutu. "Tuliukamua mzizi, tukaujaribu kwenye seli za saratani ndani ya kisahani. Zikafa. Watu wakisikia hivyo wanapiga vigelegele. Hata jiki inaua seli kwenye kisahani, Inspekta! Wiki iliyopita tuliujaribu kwenye seli za ini, nazo zikafa. Atakayeunywa anajimaliza."

"Unanyweka?"

"Kwa shida. Hauyeyuki kwenye maji, unafanya ukungu mweupe. Sisi tunauyeyusha kwa kimiminika kinachoitwa DMSO, nacho ni balaa jingine. Glavu ikitoboka kinapenya ngozi, na jioni pumzi yako inanuka kitunguu saumu. Mume wangu siku hizo hanisogelei."

Ghalia hakucheka. Alikuwa akimfikiria mwanamke fulani, mahali fulani katika jiji hili, anayekunywa sumu akidhani anapona. Mwizi angeweza kusubiri. Mwanamke huyo asingeweza.

Alianza na Kuldip, mwenye duka la mitishamba karibu na stesheni ya Rayners Lane. Ndiye aliyeiagizia maabara mizizi yenyewe, na tangu hapo alikuwa akiwatangazia wateja kuwa wanasayansi wameikubali.

"Madam, mimi nilisema tu wanaipima," Kuldip alijitetea kwa Kiswahili cha Kisumu. "Mtu akisikia ile kitu anataka kusikia, nifanye nini?"

Ghalia alifungua kila chupa ya stoo. Asali na mafuta ya habasoda. Tena wikendi yote Kuldip alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake Birmingham, na nusu ya ukumbi ilimpiga video akicheza. Mwongo alikuwa, lakini mwizi hakuwa.

Mashine ya mlango ilionyesha kuwa Jumapili kabla ya adhuhuri chumba kilifunguliwa kwa kadi ya Josée, mtunza vifaa wa maabara. Josée alikuja juu.

"Jumapili mimi naimba kanisani, kule Peckham! Uliza kwaya yote. Kadi yangu inabakia ndani ya koti la kazi, kwenye musumari. Kila mutu anajua."

"Kila mtu ndiye nani?"

"Dakta Leena, mimi na Sultan. Hatuko wengine."

Leena alikuwa bosi; angeweza kuvimwaga vichupa vyake mchana kweupe na asiulizwe. Basi akabaki Sultan, mtafiti kijana, aliyechukua likizo kumuuguza mama yake. Ghalia alipanda ngazi hadi kwenye flati yao huko Tottenham. Bado alikuwa anatumaini amekosea.

Sultan alimkaribisha kwa adabu. Mama yake, Bi Miska, alikuwa amelala kwenye kochi, na weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Wete."

"Ee! Mtu wa kwetu. Njoo nikuone."

Ghalia aliinama kumbusu mkono, na harufu ya kitunguu saumu ikamjia usoni.

"Mama, umekula nini leo?"

"Kula? Mie tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi, sitaki hata kusikia harufu ya jikoni. Kitunguu saumu nikikinusa natapika. Nanywa kombe langu tu. Sultan huniletea kila asubuhi."

Juu ya stuli palikuwa na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani na kuoshwa, na bilauri yenye maji yake. Ghalia alikunywa kombe utoto wake wote. Maji yake huwa ya njano, safi. Haya yalikuwa na ukungu mweupe.

Aliichukua bilauri na kuita ambulensi. Sultan hakumzuia.

Kesho yake, wodini, Ghalia alimkuta Sultan kando ya kitanda. Bi Miska alikuwa amefumba macho.

"Uliitumia kadi ya Josée kwa kuwa yako ingekutaja," Ghalia alisema kwa sauti ya chini. "Ukamtilia mama yako ndani ya kombe, kwa sababu kombe hawezi kulikataa. Na ulijua matokeo ya ini."

"Nilijua." Macho ya Sultan yalikuwa mekundu. "Nilisema labda kwa kipimo kidogo. Nilisema labda wamekosea."

"Wamekosea nani? Hospitali ilikuwa imeshampa nafasi ya kemo, dawa yenyewe ya saratani. Kwa nini aliikataa?"

Sultan alimvutia mama yake shuka hadi mabegani.

"Hakuikataa. Wazee wa ukoo walisema asiambiwe ana saratani, atakufa kwa hofu. Na mkalimani wake nilikuwa mimi. Daktari alisema saratani, mie nikasema uvimbe. Daktari akasema kemo itamsaidia, mie nikasema wanataka kumlaza wamjaribie madawa. Akasema hataki, na mie nikatafsiri kuwa hataki. Nilitaka wakati kidogo tu nipate njia ya kumwambia. Kisha nikawa siwezi tena kuyarudisha."

"Ndipo ukaenda kuiba."

"Sasa ningefanya nini? Nikae nimtazame?"

Ghalia alitaka kumzaba kofi. Alitaka pia kulia, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Saratani?" sauti ilitoka kitandani.

Wote wawili waligeuka. Bi Miska alikuwa macho.

"Sultan. Ndicho nilichonacho?"

Mwanawe aliinamisha kichwa.

"Nani kakwambieni mie naogopa? Nimekuvusha bahari mgongoni tukikimbia risasi za uchaguzi, na sikulia. Ungeniambia nenda ukatibiwe, ningekwenda." Akamgeukia Ghalia. "Mwanangu, hiyo dawa ya hospitali bado naweza kuipata?"

Ghalia alikuwa ametoka kuzungumza na daktari mlangoni. Sultan alifungua mdomo.

"Wewe nyamaza," Ghalia alimwambia. Akakaa ukingoni mwa kitanda na kuushika ule mkono. "Hapana, mama. Ini limeharibika. Haliwezi tena kuistahimili."

Bi Miska aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Ahsante kwa kunambia," alisema.

Ghalia alisimama na kumsomea Sultan haki zake kwa Kiingereza, kama sheria inavyotaka. Bi Miska hakuelewa maneno, ila aliziona pingu.

"Mpeleke," alisema. "Lakini mwache avae koti kwanza. Nje baridi."