Mgonjwa wa Tangini

Tumbawe lilifunguka siku ya nne tangu liletwe nyumbani, saa nane mchana, taa ya tangi la samaki ikiwa imezimika.

Fundi hakutarajia hilo. Muuza samaki wa mapambo aliyewaletea alimweleza kwamba tumbawe laini likihamishwa hujikunja siku kadhaa, huvua ngozi nyembamba kama utando wa maziwa, kisha hufunguka taratibu kwa kufuata mwanga. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Pampu ilikuwa ikienda kwa betri, mapazia yamefungwa. Mkewe alipoingia sebuleni na nguo za kukunja, vidole vya tumbawe vilisimama vyote kwa pamoja, vikamwelekea.

"Ona mambo hayo," Fundi alisema. "Mimi nalikodolea macho tangu juzi, halinijali. Wewe umepita tu, limekupa shikamoo."

"Lina adabu kukushinda."

Mkewe alicheka, akatoka. Alipovuka kizingiti, tumbawe likajikunja.

Mkewe alikuwa muuguzi aliyestaafu mwaka uliopita baada ya miaka thelathini wodini, na mtaa mzima ulimwita Nesi. Ndiye aliyelipokea. Muuza samaki alikuwa amesisitiza maji ya tangi yaingizwe kwenye ndoo ya tumbawe tone kwa tone, lisishtuke. Fundi alipohangaika na mrija wa redieta, Nesi alileta mpira wa dripu, akautundika kwenye msumari wa kalenda, akahesabu matone kwa saa ya mkononi. Alikaa kando ya ndoo saa nzima. Kwa mazoea tu, akaliambia neno alilomwambia kila mgonjwa aliyelazwa mikononi mwake.

"Usiogope. Siondoki hapa mpaka upone."

Matone yalisimama. Kisha yakaendelea. Nesi alidhani mpira umejipinda.

Jumamosi alikuwa na safari. Binti yao wa pekee, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa anakaribia kujifungua, na mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Alimwomba mama yake awepo. Nesi alikuwa na tiketi ya basi la saa tatu.

Alifika getini na begi lake. Kifua kikabana. Akakohoa, akatema maji, na maji yalikuwa ya chumvi. Fundi alimrudisha ndani, pumzi ikarudi. Tangini tumbawe lilikuwa limefunguka pana kama kiganja.

"Presha hiyo," Fundi alisema.

"Presha haitoi maji mdomoni, baba."

Jumapili walijaribu tena, Fundi amemshika mkono. Walifika hatua moja nje ya geti. Jumatatu mlango wa mbele ulikuwa umevimba kwenye fremu yake, hausogei, na nyumba nzima ilinuka maji ya chumvi yaliyolala. Hapo ndipo walipoanza kusikia matone. Mpira wa dripu ulining'inia mkavu pale pale msumarini, lakini tone lilisikika, kisha tone jingine, kwa mwendo ule ule aliouhesabu Nesi, jikoni akiwa jikoni, chumbani akiwa chumbani, na alipoziba masikio kwa mito aliyasikia ndani ya kichwa chake, hayaongezi kasi wala hayapungui, kama mtu anayejua kwamba ana muda wote na kwamba yule anayemngoja hana pa kwenda.

Simu ililia saa nne.

"Mama, uchungu umeanza. Uko wapi?"

"Niko njiani, mwanangu."

Fundi alikunja mkono wa shati. "Linatoka leo hii." Akatumbukiza mkono tangini, akalishika tumbawe kwenye shina, akavuta, na nyuma yake Nesi akaanguka chini akitapika maji, macho yamemtoka, akipiga sakafu kwa kiganja hadi Fundi alipoachia.

"Liache," alinong'ona alipoweza. "Utaniua."

Muuza samaki alipopigiwa simu alikuja mbio, lakini hakuingia. Alisimama nje ya dirisha la sebule, akazungumza kupitia nondo.

"Mlilisemesha?"

"Kwani lina masikio?" Fundi akauliza.

"Mwenyewe wa kwanza alikutwa kwenye kiti mbele ya tangi. Nguo kavu, mapafu yamejaa maji. Nikajisemea, ajali."

"Ukajisemea ajali, ukatuletea sisi!"

"Nisamehe, kaka. Kuna jini ndani yake. Nalo halishiki mtu, hushika neno la mtu. Nesi, uliliahidi nini?"

Nesi alimwambia.

"Basi ni mpaka lipone."

"Litapona lini?"

"Anayeuguzwa vizuri hivyo apone, ana kichaa?"

Nesi alifuta mdomo. Wagonjwa wa namna hiyo aliwajua; kila wodi ina wake, hana homa, anakula, na kitanda hakiachi. Dawa yao ilikuwa moja. Alichukua daftari, akachora mistari, akajaza karatasi ya ruhusa kama alivyojaza maelfu: tarehe ya kulazwa, hali alipokuja, hali ya sasa. Akaisoma mbele ya tangi kwa sauti ya wodini.

"Rangi nzuri. Vidole vyote vimefunguka. Anakula. Amepona. Ameruhusiwa kuondoka leo."

Mstari wa mwisho, wa jina la anayemchukua mgonjwa, ulisema: *Ameondoka na.* Simu ikalia tena. Nesi aliuacha wazi, akabandika karatasi ukutani.

Tumbawe lilitetemeka, likalegea, likadondoka kutoka kwenye jiwe lake kama kamasi. Matone yakakoma. Fundi alisukuma mlango, ukafunguka. Nesi alipita getini akikimbia, anavuta hewa.

Alipofika kwa binti yake alimkuta mjukuu amezaliwa, wa kike, mzima. Alilia hadi binti yake akamcheka.

Siku ya tatu binti alisema, "Mama, huyu ni wako kabisa. Ukiingia, anafumbua macho. Ukitoka tu anajikunja, hata ziwa hataki."

"Ananijua bibi yake," Nesi alisema.

Fundi alipiga simu mchana huo. Alizungumza chini chini, ingawa alikuwa peke yake nyumbani.

"Nimebandua ile karatasi. Pale ulipoacha wazi, pameandikwa."

"Na nani?"

"Sijui. Si wino, ni chumvi. Pameandikwa, *muuguzi wake*."

Nesi alikata simu. Alitoka uani bila viatu, polepole, akaelekea getini. Aliponyoosha mkono nje ya geti kifua kilibana, na ulimi ukaonja chumvi.

"Mama!" binti aliita kutoka chumbani. "Unakwenda wapi? Mtoto amebadilika!"

Nesi alirudi ndani, akaketi kando ya kitanda. Mtoto akatulia. Akafungua vidole vyake, vyote kwa pamoja.

"Siendi popote," Nesi alisema.