Bi Msusi na Mpira Mzito

Jirani zangu, nyumba nitakayowasimulia imepakana na yangu ukuta kwa ukuta, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Asubuhi ungepita hapo ungemkuta Bi Msusi barazani, ameketi kwenye kiti cha mgongo, na kitindamimba wake mbele yake kwenye stuli. Mama ameshika kifuani mpira mdogo wa mazoezi, wa ile aina inayotiwa uzito ndani. Anausukuma mbele taratibu mpaka viwiko vinakaribia kunyooka, kisha anaurudisha. Binti ametanguliza viganja chini ya mpira, haugusi, anausubiri tu. Mama akichoka, mpira unatua viganjani mwa mwanawe na wote wawili wanacheka. Nilipenda sana kuwatazama.

Bi Msusi alikuwa amesuka vichwa vya mtaa mzima, changu kikiwemo, na mdomo alikuwa nao. Ukimkalia na nywele zilizofungamana, anakuuliza kama ulilala kichakani. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi mapema, mdomo ukarudi mapema zaidi, lakini mkono ukabaki mzito na bega likalegea. Sasa msusi asiyeweza kuinua mikono hadi kichwani kwa mtu atasuka nini? Hilo ndilo lililomnyima raha. "Siku nitakayoshika utosi wa mteja," alikuwa akiniambia, "ndiyo nitajua nimepona."

Mtaalamu wa viungo hospitalini, dada mpole lakini asiyependa mzaha kazini, ndiye aliyempa ule mpira wa kilo moja. Maelekezo alimpa binti.

"Mama akae, mgongo uegemee kiti. Aanze kwa kuzungusha mabega polepole yapate moto. Mpira uwe karibu na kifua, usipande kupita mabega. Mkono mzima uusaidie huu mgonjwa. Na wewe, viganja vyako viwe chini ya mpira muda wote. Bega lake limelegea, likivutwa ghafla litateguka."

"Na akisikia maumivu, dada?"

"Mnaacha hapo hapo. Hakuna kujikaza."

"Uzito tutaongeza lini?"

"Nitakapowaambia mimi."

Wakafuata, na mkono ukaanza kuitika. Nilimwona kwa macho yangu akifunga kifungo cha kola kwa mikono miwili, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilifurahi nikarudi ndani nikalia kidogo.

Shari ilianza na simu. Watoto wakubwa wa Bi Msusi, kaka muuza vipuri vya magari na dada karani, wanaishi mbali. Kitindamimba, kwa nia njema kabisa, aliegemeza simu kwenye ndoo, akamrekodi mama akifanya mazoezi, akawatumia kwenye kundi la familia. Wakashangilia. Wajomba wakashangilia, mashangazi wakashangilia, na mashemeji ambao hawakuwahi hata kuja kumpa pole nao wakaweka maua na mioyo. Kesho yake wakataka video nyingine. Picha imekaa upande, wakalalamika, mama haonekani uso. Basi binti akaanza kushika simu kwa mkono mmoja, na chini ya mpira kikabaki kiganja kimoja. Nani angeona hatari hapo? Mpira ulikuwa mwepesi, na mama alikuwa akicheka.

Kaka akawa anawaonyesha wateja dukani kwake. Nadhani kuna mmoja aliyemtania, maana siku moja alituma sauti: "Mama, hicho kijipira ni cha chekechea. Nakuletea cha watu wazima."

Ukaja mpira wa kilo tano, umefungwa utepe. Binti aliuweka pembeni, na hapo nampa haki yake. Ila siku ya kuzaliwa ya mama, ukoo mzima ulipiga simu ya video kwa pamoja, na kaka akauulizia.

"Mpira wangu uko wapi? Tuone mama anaunyanyua juu ya kichwa, kama bingwa."

"Dada wa hospitali alikataza kupita mabega," mama akasema.

"Hospitali wanaogopa kila kitu, mama. Mara moja tu, watu wote wako hapa wanakusubiri."

Bi Msusi akamtazama kitindamimba. Binti akasema, "Mara moja tu, mama, halafu tunarudi kwenye ule mdogo."

"Haya. Lakini uniwekee mikono."

"Nimeweka."

Aliweka kweli, ule mmoja. Lakini mpira ulipofika usoni, kichwa na mpira havikuingia pamoja kwenye picha, na sauti zikaanza: rudi nyuma, rudi nyuma kidogo, hatuoni. Binti akasimama akarudi nyuma. Mkono mzima ulipanda haraka, ule mgonjwa ukachelewa, mpira ukalala upande wa kulia. Kiwiko kikakunjika. Mpira ukapita nyuma ya bega ukiuvuta mkono wote nao.

Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nilisikia kwanza Bi Msusi akipiga ukelele, kisha, baada yake, nikasikia makofi. Mtandao ulikuwa umechelewesha picha. Alikuwa chini sakafuni na ukoo wake bado ulikuwa unampongeza.

Bega lilikuwa limeteguka na misuli imechanika. Yule dada wa viungo hakugomba. Alimuuliza binti swali moja tu: "Viganja vyako vilikuwa wapi?"

Mfupa ulirudishwa mahali pake, lakini mkono haukurudi. Unaning'inia kwenye kitambaa cha shingoni, na hata kifuani haufiki. Kaka alisafiri akaja, akakaa kitandani kwa mama yake, akasema, "Nilitaka watu wamwone mama yangu." Mazoezi Bi Msusi ameyakataa, hata yale mepesi, na mimi ameniambia nitafute msusi mwingine.

Juzi nilimkuta binti akimchana. Alikuwa anavuta vibaya, kitana kinang'oa nywele, na Bi Msusi, ambaye zamani angemtukana mpaka sisi majirani tucheke, alikaa kimya machozi yakimtoka.

FUNZO

Ndugu zangu, zoezi la mgonjwa si onyesho. Uzito anaoubeba hupangwa na anayelijua bega lake, si na anayempenda, wala kumpenda hakutupi elimu ya viungo. Aanze na mwepesi, apashe mabega moto kwanza, auweke mpira karibu na kifua, aende polepole, aache panapouma. Na aliyepewa kazi ya kumlinda asipewe kazi nyingine wakati huo huo, hata ikiwa ni ya kushika simu. Watoto hawa wote watatu wanampenda mama yao, nami sitaki mtu awaite wabaya. Ndiyo maana nawasimulia. Waliomuumiza Bi Msusi walikuwa wanampigia makofi.