Chenga Machoni mwa Zéphyrin

— Hii kamera wamenidanganya! Ona, iko na chenga hata ku ISO mia moja!

Zéphyrin alikuwa ameinamia kamera yake mpya ndani ya studio yake pale Mubi, mvua ikipiga mabati. Mchumba wake Pétronille, aliyekuja kumtembelea kutoka Kibabi, akasogea kutazama kile kioo kidogo.

— Chenga iko wapi? Mi naona sura yangu safi kabisa.

— Vile vidoa, kama muchanga. Huvioni?

— Hapana.

Zéphyrin alipiga picha za harusi na ubatizo barabara yote ya Walikale. Makanisa ya huko yana madirisha madogo, na wachungaji hawapendi taa ya kamera iwapige watu machoni wakati wa sala. Alihitaji mashine inayopandishwa ISO, yaani nguvu ya kunasa mwanga, penye giza bila picha kujaa chenga. Ile ya zamani aliiacha kwa sababu wateja walianza kulalamika: nyuso hazikai sawa.

Akamkalisha Pétronille kwenye kona yenye giza, akapandisha ISO hadi elfu kumi na mbili, akapiga.

— Na hii?

— Yoo! Hii njo iko na chenga! Shavu yangu iko kama unga ya muhogo yenye haijachekechwa!

Akacheka. Zéphyrin hakucheka. Kwake picha zote mbili zilikuwa sawa. Pétronille akadhani anataniwa, akazichanganya.

— Bahatisha. Ile ya kwanza ni gani?

Zéphyrin akabahatisha, akakosea. Akajaribu tena, akakosea tena. Akainua macho kwenye ukuta mweupe wa studio, na zile chenga zilikuwa pale pale, ukutani.

— Nimechoka tu, akasema, akaizima kamera.

Baadaye akaenda Goma bila kumwambia mtu. Daktari wa macho alimpima, kisha akamwuliza amezaliwa wapi.

— Kibua. Nimekulia karibu na muto.

— Vile vinzi vyeusi vya muto vilikuwa vinakuuma?

— Tangu utoto. Nani kule havimuumi?

— Iko ugonjwa ya muto, kaka, vile vinzi vinaachaka vidudu mu mwili. Dawa itaua vidudu. Lakini yenye imekufa mu jicho haitafufuka.

— Nitapofuka?

Daktari akashusha kalamu.

— Polepole.

Njia nzima ya kurudi, Zéphyrin alimfikiria Papa Nzabonimpa, baba yake Pétronille. Mzee huyo alikuwa amekataa muda mrefu: binti yake aache milima ya Masisi aende porini kwa nani? Mwisho alilainika kwa neno moja tu, kwamba kijana ana kazi ya maana. Kazi gani tena?

Alipofika studio akaandika ujumbe: "Pétronille, harusi imekufa. Niko na mwanamuke mwingine. Usinitafute."

Simu ikalia papo hapo.

— Zéphyrin, nani amekamata telefone yako?

— Ni mimi.

— Mwanamuke gani? Sema jina!

Kutoka ng'ambo ya barabara alisikia sauti ya Constance, jirani yake muuza chakula, akiita wateja.

— Constance.

Pétronille akamwachia baba yake simu. Sauti iliyofuata ilikuwa ya Papa Nzabonimpa.

— Nilikufungulia mulango ya nyumba yangu, na unanitemea mate mu uso. Mutoto wangu usimwite tena.

Zéphyrin akazima simu. Siku zikapita. Alifungua studio asubuhi, akaifunga jioni, na katikati yake hakujua alifanya nini.

Siku moja ya soko, mwanamke alisimama mlangoni, mwanga ukiwa mgongoni mwake.

— Karibu, mama. Picha ya karte ya utambulisho ao ya familia?

Mwanamke akashika mwimo wa mlango.

— Ingia. Kiti iko pale.

Akamsikia akilia. Kilio hicho alikijua.

— Pétronille?

— Umeniangalia mu uso, akasema. Umeniangalia mu uso na ukaniita mama.

Nyuma yake Constance, ambaye Pétronille alimpitia kwanza, aliingia akifuta mikono kwenye kitenge.

— Ati mimi njo muchumba yako? Mimi, bibi ya watu, mwenye wajukuu! Shetani gani imekuingia, Zéphyrin?

 Constance akawatazama wote wawili, akaelewa neno lao halikuwa lake, akatoka taratibu.

— Ni macho? Pétronille akauliza.

— Ni macho. Kamera haikukuwa na kosa.

— Na juu ya nini ulinipaka matope mbele ya Papa? Sasa anataka kunipa kwa Théoneste, ule kijana ya kwetu Kibabi!

— Théoneste anaona.

Kofi lile hakuliona likija.

— Nani alikuomba unichagulie? Ungeniambia "ninapofuka", ningelia, alafu ningebaki. Weye uliniambia "sikutaki"! Unajua nililala namna gani?

— Nilitaka uende ukinichukia. Nilifikiri utaumia kidogo.

— Sikuumia kidogo.

Pétronille akapiga simu Kibabi, akaongeza sauti ili Zéphyrin naye asikie.

— Papa, mwanamuke hakuna. Zéphyrin anapofuka.

 Kwa mbali mama yake alisikika akisihi.

— Basi Mungu amekuokoa, Papa Nzabonimpa akasema. Rudi.

— Papa, minabaki.

— Ukibaki, usiite tena hapa kwenu.

Simu ikakatika.

Zéphyrin alimwomba arudi. Akamwomba kesho yake, akamwomba mpaka akachoka. Pétronille akapata kitanda kwa Constance, na mchana akajifunza kamera.

— Usiogope chenga, Zéphyrin alimfundisha. Mu giza, pandisha ISO. Chenga itabaki, lakini na sura itabaki. Ukiogopa, utatoka na weusi tupu.

Wateja wakarudi. Lakini mara nyingine alipokuwa akipanga watu wakae vizuri, Pétronille alimsikia Zéphyrin akilia nyuma ya pazia, na hakwenda. Angemwambia nini?

Siku ya harusi yao, Zéphyrin alikuwa akiona mwanga wa madirisha tu. Mchungaji akauliza nani anamleta bibi arusi.  Watu wakaanza kutazamana. Kisha benchi likalia, Constance akasimama.

— Ni mimi. Endelea, Pasta.

Walipofungishwa na kugeuka kutoka, Zéphyrin akamnong'oneza:

— Watu ya Kibabi walikuja?

Pétronille akatazama upande wa jamaa zake. Mabenchi yalikuwa matupu mpaka mlangoni.

— Walikuja. Hata Papa.

Zéphyrin akatega sikio. Vigelegele vilitoka upande mmoja tu wa kanisa. Hakuuliza tena. Akaukamata mkono wa mke wake kwa nguvu, wakatembea hivyo hadi nje.