Aliyefutwa Ukutani

Kila Jumanne na Alhamisi, masomo yakiisha, Rumaisa na Gakii walikimbilia chumba cha kompyuta ili wawahi viti. Kompyuta zilikuwa saba, na mbili kati yake zilikuwa na maringo: ziliwaka zilipotaka. Wasichana hao wa Gredi ya Nane walikuwa wakitengeneza programu ya kuonyesha nyumba ya kale ya mtaa wa Mkomani. Ukibonyeza mlango unaingia chumba kinachofuata, mpaka unafika chumba cha ndani kabisa, chenye zidaka, yale mashubaka madogo ya chokaa yaliyopangwa safu kwa safu ukutani. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi, na kazi yao ingeonyeshwa mbele ya watu wote.

Picha ya zidaka Rumaisa alikuwa ameipiga Jumanne kwa jirani yao, Bi Zamzam. Bibi alimkubalia kwa sharti moja tu: yeye mwenyewe asipigwe. Wanawake wazima wa nyumba zile hawapendi sura zao zizagae mikononi mwa watu wasiowajua, na Rumaisa alilijua hilo tangu utotoni. Lakini siku hiyo Bi Zamzam alikuwa ameketi papo hapo chini ya zidaka, akishona kofia. Rumaisa aliona haya kumwambia mtu mzima ahame, naye alikuwa na haraka. Akapiga. Nyumbani akamfuta bibi kwa kifutio cha simu, pakabaki tundu tupu, kisha akaweka picha ya ukuta mweupe nyuma yake. Tundu likazibika, na hakumwambia mtu yeyote.

Alhamisi waliifungua picha hiyo kwenye kompyuta.

"Rumaisa," Gakii aliuliza polepole, "hapa palikuwa na mtu?"

Ukutani palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu uliopinda kama bega. Ukiufuata kwa macho ulipanda shingoni, ukazunguka kichwa, ukateremka upande wa pili.

"Hapana," Rumaisa alijibu upesi. "Ni uchafu wa picha tu."

Gakii akaipunguza picha, mstari ukanenepa. Akapaka rangi juu yake upande mmoja, ukabaki upande mwingine. "Huu uchafu umekaa kwa kiti," alisema, lakini hakucheka.

Siku iliyofuata Mwalimu Jepchirchir aliihamishia programu yao kwenye kompyuta ya projekta, iliyokuwa kuukuu kuliko zote. Madirisha yalifungwa, chumba kikawa giza mchana kweupe. Wanafunzi wakapitishwa mlango mmoja baada ya mwingine, wakishangilia. Walipoingia chumba cha ndani, kelele zilikatika ghafla.

Mwanamke alikuwa ameketi chini ya zidaka. Hakuwa mstari tena. Alikuwa na mikono, na sindano mkononi, na macho yaliyowatazama wote waliokuwa chumbani.

"Bismillahi!" mtu alinong'ona. Mwingine alitoka mbio akaacha kiatu mlangoni.

Gakii alimshika Rumaisa mkono. "Ulisema hapakuwa na mtu!"

Rumaisa alihisi baridi mwili mzima, wala si kwa kuogopa jini. Alipokuwa akimfuta bibi hakuwahi kumtazama usoni. Sasa aliyaona macho yale yakiwa yameielekea simu sawasawa. Bi Zamzam alimwona akipiga.

"Hakuna jini hapa," alisema Mwalimu Jepchirchir. "Nani aliifuta picha hii?"

Rumaisa alilia, akasema yote.

"Sikilizeni," mwalimu alisema. "Kila nukta ya picha ina namba nne. Tatu ni za rangi. Ya nne huiambia kompyuta nukta hiyo ionekane kiasi gani. Kifutio kiliigeuza ya nne ikawa sufuri, lakini rangi za bibi hakikuzigusa. Kompyuta hii ya zamani haisomi namba ya nne, ndiyo maana imemtoa alivyokuwa. Na pale ukingoni ulifuta nusunusu, ndiyo sababu ya ule mstari."

"Inatengenezeka, Mwalimu?" Rumaisa aliuliza.

"Kwa dakika tano. Tunaziunganisha picha mbili ziwe moja, rangi za ukuta zichukue nafasi ya zake kabisa. Lakini sitafanya hivyo. Ruhusa ya picha hii si yangu, wala si yako. Nenda kwa mwenyewe." Akaizima projekta, kisha akaifuta picha katika kompyuta zote mbili.

Alasiri ile Rumaisa alikwenda kwa jirani yake. Bi Zamzam alikuwa kitini palepale, chini ya zidaka zilezile, na alipoinua macho, Rumaisa alitaka kukimbia.

"Ndoo, mwanangu. Kaa," bibi alimwita aje karibu.

"Bi Zamzam, nilikupiga picha. Nikakufuta, lakini hukufutika. Leo darasa zima limekuona. Nisamehe."

Bibi aliichomeka sindano kofiani. "Nalikuona kwa mato yangu. Kila asubuhi ukipita kuniamkia, nalikuwa nikingoja uniambie."

Maneno hayo yalimuuma Rumaisa kuliko kugombezwa. Alitoa simu, akamwonyesha bibi pa kubonyeza, na bibi akaifuta picha kwa kidole chake mwenyewe. Kisha Bi Zamzam aliinuka, akabeba kiti chake hadi chumba cha pili.

"Haya, piga sasa!" aliita kutoka huko. "Ungeniambia nihame, ningehama siku ile ile."

Rumaisa akapiga. Bi Zamzam aliporudi aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akamrudishia simu.

"Hii ipeleke, waione wazazi wote. Ndia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako haikufika hata siku nne. Ukikosea, usilifunike kosa ukadhani limeondoka. Mwendee uliyemkosea umwambie, hata kama uso umejaa haya."